Sakafu ya banda la gari Tanga: kununua kigae, epoksi au kubaki na saruji

Mjini Tanga neno gereji humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwa fundi makanika, penye magari yaliyoinuliwa na mafuta machafu yaliyomwagika ardhini. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitaliita banda la gari lile jengo la nyumbani ambamo gari hulala usiku, na ambamo mchana huwekwa baiskeli, mapipa ya maji, jenereta na kila kitu ambacho mama mwenye nyumba hakitaki sebuleni. Katika nyumba nyingi za Sahare, Mikanjuni na Chumbageni sakafu ya banda hilo ni zege lililofunikwa kwa tabaka la mchanga na saruji, kisha likamaliziwa kwa niru, yaani uji wa saruji tupu uliolainishwa kwa mwiko wa chuma hadi ukang'aa. Baada ya miaka kadhaa niru huchanika, sakafu hutoa vumbi na kunywa mafuta, na pembezoni mwa kuta huota unga mweupe wa chumvi.

Anayetaka kuitengeneza upya huingia dukani akiwa na picha kwenye simu ya sakafu ya epoksi, yaani rangi nzito ya vimiminika viwili vinavyochanganywa na kuwa kigumu, inayong'aa kama kioo, na swali lake huwa ni ndoo ngapi. Kwa maoni yangu, katika mji uliokaa ufukweni kama huu, swali la kwanza ni la unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa sababu nyumba nyingi za zamani zilimwagiwa zege bila nailoni ya kuzuia maji chini yake, na baadhi zilijengwa kwa mchanga uliochukuliwa karibu na bahari, wenye chumvi ndani. Mpangilio nitakaoutoa hapa chini umetokana na swali hilo, na ndiyo maana hautafanana na ule wa miji mikavu ya bara.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni nailoni angavu na utepe mpana wa kubandikia. Kata vipande vinne vya sentimita 45 kwa 45, uvibandike kingo zote sakafuni: kimoja katikati, kimoja mlangoni, kimoja kwenye ukuta unaopigwa na mvua, na kimoja mahali gari linapolala. Viache kwa saa 16 au zaidi. Ukivikuta na matone kwa chini, au zege chini yake limegeuka rangi na kuwa jeusi zaidi, unyevu unapanda. Kipimo hiki kifanywe Juni, mara tu masika yanapokwisha, kwa kuwa sakafu inayofaulu katika jua la Februari inaweza kufeli vibaya mwezi Mei. Kisha mwaga matone ya maji sakafuni. Yakisimama kama umande juu ya jani la gimbi badala ya kunywewa, jua kwamba uso una mafuta au niru iliyoziba, na hakuna gundi wala rangi itakayoshika hapo kabla haujasagwa.

Nafasi ya kwanza: kigae cha poslini chenye uso wa kukwaruza

Kigae kimeshika nafasi ya kwanza kwa sababu hakibanduki kwa mvuke kama rangi, na kikivunjika kimoja hung'olewa hicho kimoja. Lakini kigae gani? Poslini hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali kigae cha kawaida cha udongo hunywa mara kadhaa ya kiasi hicho na ni laini zaidi. Dukani tofauti hiyo huonekana bila mashine yoyote: kigeuze kigae, mwagia maji kidogo mgongoni, na kama yananywewa papo hapo na mwili wake ni mwekundu kama tofali, kirudishe kwenye rafu. Kama kina glezi juu, yaani ngozi ya kung'aa kama kioo, tafuta alama ya PEI IV au V, ambazo ndizo daraja za juu za kuhimili msuguano. Kwa utelezi tafuta alama ya R10, na R11 ni bora zaidi kwa kuwa namba ikipanda utelezi hupungua, kwa maana gari huingia likiwa linachuruzika maji ya mvua na anayeteremka huwa amevaa ndala. Vile vigae vya sebuleni vya sentimita 60 kwa 60 vilivyosuguliwa hadi mtu akajiona uso wake visipelekwe bandani hata vikitolewa kwa nusu bei.

Ukubwa unaofaa ni sentimita 30 au 40. Sakafu ya banda inapaswa kuteremka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea mlangoni, na kigae kikubwa hakifuati mteremko kwa urahisi, hasa panapokuwa na mfereji. Banda la gari moja lenye mita 3 kwa 6 lina mita za mraba 18. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa utahitaji mita 19.8, sawa na vigae 124 vya sentimita 40. Viwanda vya Chalinze na Mkuranga vimefanya vigae vipatikane kwa urahisi, lakini hakikisha namba za toni (yaani kivuli cha rangi) na kipimo zilizopigwa chapa kwenye maboksi yako yote zinalingana, kwa sababu maboksi ya mizigo miwili tofauti hupishana kwa rangi, na hata kwa milimita moja au mbili za ukubwa, na hapo mistari haitanyooka kwa fundi yeyote.

Sehemu ambayo wanunuzi wengi hubania fedha ni gundi, na hapo ndipo vigae vya banda hufia. Mafundi wengi wamezoea kuweka matonge matano, manne pembeni na moja katikati, kisha kukigonga kigae kikae. Sebuleni mtu hupita juu yake miaka bila kujua. Bandani, gari dogo la takriban tani moja likiinuliwa kwa jeki, mamia ya kilo hukaa juu ya eneo lisilozidi kiganja, na kigae chenye uwazi chini yake hupasuka kama ganda la yai. Dai gundi itandazwe sakafu nzima kwa mwiko wa meno na kupakwa pia mgongoni mwa kigae. Kwa njia hiyo mfuko wa kilo 20 hutosha mita za mraba tatu hadi nne tu, kwa hiyo banda la mita 18 litakula mifuko mitano au sita. Fundi akikuambia miwili inatosha, amekueleza jinsi anavyokusudia kuvibandika. Siku ya kumlipa, pita na kipini cha bisibisi ukigonga kila kigae, na kinacholia kama debe tupu king'olewe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kuhusu maungio, saruji nyeupe ambayo hutumika kila mahali hunywa mafuta na kumomonyoka kwenye njia ya magurudumu. Nunua grauti ya kiwandani, yaani unga maalumu wa kujazia maungio, na kama mfuko unaruhusu, grauti ya epoksi kwa eneo linalokaa chini ya injini. Hapo ndipo ninapoona epoksi na kigae vinasaidiana vizuri kuliko vikitumika kila kimoja peke yake.

Nafasi ya pili: epoksi nzito isiyo na kiyeyusho

Epoksi iliyowekwa vizuri juu ya zege kavu ni sakafu nzuri kuliko kigae: haina maungio, mafuta hufutwa kwa tambara, na jeki haiivunji kirahisi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya sharti hilo la ukavu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua epoksi ya ndoo mbili, nikampa fundi rangi aliyeipaka kwa rola juu ya niru iliyooshwa kwa sabuni tu, na kwa miezi minne banda lilikuwa fahari ya mtaa. Masika yakaingia, malengelenge yakajitokeza upande wa ukuta, na gari lilipotoka asubuhi matairi yalinyanyua vipande vyenye ukubwa wa sahani. Nilipogeuza kipande kimoja nikaona niru imeng'oka pamoja nacho. Epoksi ilikuwa imeshika barabara. Kilichoachia ni uji wa saruji uliokuwa chini yake.

Mnunuzi wa epoksi kwa hiyo ananunua kazi ya kusaga kwanza na ndoo baadaye. Niru iondolewe kwa grainda yenye diski ya almasi mpaka mchanga wa zege uonekane na uso uwe kama msasa. Wako wanaotumia asidi badala yake. Mimi siipendi, kwa kuwa haiondoi mafuta, huacha chumvi nyingine katika sakafu ambayo tayari ina ya kwake, na ni hatari kwa macho na mapafu. Zege jipya lisubiri siku 28.

Dukani, tafuta maandishi yanayosema bidhaa ni yabisi kwa asilimia 100, maana yake hakuna kinachovukiza na unachopaka ndicho kinachobaki. Kwa unene wa milimita 0.3, lita moja hufunika takriban mita za mraba 3.3, hivyo mita 18 zinahitaji lita 5.4 bila kuhesabu praima, yaani tabaka la kwanza la kushikisha. Muuzaji akidai galoni moja ya lita nne inatosha banda zima kwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, anakuuzia unene wa karatasi. Hakikisha ndoo ya kwanza na ile ya hadina, yaani kigandishi, ni za seti moja na muda wake haujapita, na usikubali kuuziwa nusu: uwiano wa mchanganyiko ni wa kikemikali, na hadina ya kukisia huacha sakafu inayonata milele.

Hali ya hewa yetu inataka hesabu yake. Uso wa zege unapaswa kuwa na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa matone, kwa nyuzi 3 au zaidi, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85. Hewa ya Tanga ikiwa na nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kwenye nyuzi 25.2, basi zege liwe na 28.2 au zaidi, na zege lililolala kivulini usiku kucha huwa halijafika hapo asubuhi. Wakati mzuri ni Januari na Februari, kuanzia kama saa nane au tisa mchana, hewa ikiwa kavu kuliko saa nyingine na zege likianza kupoa, kwani linapopata joto husukuma hewa nje na kutoboa vitundu kwenye rangi mbichi. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu ndani ya ndoo, katika joto letu, mchanganyiko huweza kuanza kuganda kabla ya nusu saa. Vaa glavu, kwa maana epoksi mbichi ikizoea ngozi huleta mzio usioponyeka kirahisi. Na kama jua la jioni huingia bandani, ongeza tabaka la juu la poliyurethani, la sivyo sehemu ya mlangoni itageuka manjano.

Zilizobaki

Ya tatu, na ya kwanza kwa yule ambaye fedha ni kidogo, ni kubaki na saruji yenyewe. Niru husagwa, nyufa huzibwa, tabaka jipya la saruji na mchanga wa mtoni hushindiliwa na kumwagiwa maji siku saba, kisha hupakwa dawa ya silikati ya sodiamu au lithiamu. Dawa hiyo haijengi ngozi juu. Huingia ndani, hukutana na chokaa iliyomo kwenye saruji na kuigeuza kuwa kitu kigumu kinachoziba vitundu vidogo, huku mvuke ukiendelea kupita. Kwa kuwa hakuna ngozi, hakuna cha kubanduka. Mafuta yakikaa siku nzima bado yataacha doa, hilo ulikubali mapema. Saruji inatengenezwa hapa hapa Pongwe, na fundi yeyote wa sakafu anaijua kazi hii. Mwenye zege linalotoa unyevu sana asitafute kingine.

Vigae vya plastiki vya kupachikana vinamfaa mpangaji, ambaye siku ya kuhama atavifungua na kuondoka navyo. Maji hupenya na kulala chini yake, ukungu hunuka, na baadhi ya matairi huacha madoa meusi yasiyofutika. Epoksi ya maji, ile ya galoni moja yenye picha ya gari la fahari, hukauka ikiwa nyembamba mno kwa magurudumu. Inatosha kwenye stoo. Terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe iliyosuguliwa, ni sakafu ya kudumu kuliko zote, lakini kuleta mashine ya kusugulia kwa ajili ya mita 18 ni gharama inayoeleweka tu pale nyumba nzima inapojengwa upya.

Rangi ya mafuta ya kawaida ni ya mwisho na haistahili hata kujadiliwa bei. Ukali wa saruji mbichi au yenye unyevu huyashambulia mafuta yaliyo ndani ya rangi na kuyageuza kuwa aina ya sabuni, na ndiyo maana baada ya mvua hubanduka kwa utelezi wa ajabu.

Iwe umechagua kigae au epoksi, gari lilale nje siku saba kamili, na ununue siku hiyo hiyo kipande cha ubao mgumu cha sentimita 30 kwa 30 cha kuweka chini ya jeki. Boksi moja la vigae vya ziada lihifadhiwe juu ya dari likiwa na namba zake, kwa kuwa mzigo ujao dukani hautakuwa na toni ile.