Kozi ya kuongoza Simfoni ya Kwanza ya Brahms: uzoefu wangu

Kozi hii huendeshwa majira ya joto katika mji mdogo wa Ujerumani ya kati, na mwaka huu kazi ilikuwa moja tu: Simfoni ya Kwanza (kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne) ya Johannes Brahms, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, ya C maina. Niseme mapema kwamba nimeridhika. Walimu wa kwaya wenzangu mlioko Ulaya na mnaotamani kusimama mbele ya okestra, ifikirieni, ila kuna mambo mtayataka kuyajua kabla ya kulipa.

Mimi nimekulia kwenye matarumbeta ya kanisa la Kilutheri huko Kilimanjaro, nikaingia kwenye kwaya, na hadi leo kazi yangu ni kwaya. Kusoma sauti nne nimezoea. Skoa ya Brahms, yaani kitabu chenye noti za ala zote pamoja, ina mistari zaidi ya kumi, viola (fidla kubwa kidogo) wana ufunguo wao, klarineti na horni (ala ya shaba ya mviringo) zinaandikwa tofauti na zinavyosikika. Waandaaji wanakuambia uje umeshaisoma, na wanamaanisha. Mimi nilitumia chapa ya Dover, inayotokana na toleo la Hans Gál la miaka ya 1920. Ni ya bei nafuu, kurasa ni kubwa, na inavumilia kuandikwa kwa penseli.

Siku za mwanzo hakuna kijiti cha kuongozea. Mnakaa mezani na skoa, mwalimu anauliza maswali. Wetu alikuwa mama wa makamo aliyepiga viola okestrani miaka mingi kabla ya kuanza kuongoza, na sifa yake kubwa ni kwamba hakubali jibu la "nimesikia wakifanya hivyo". Ukisema unataka mwanzo uende polepole, anakuuliza ni noti gani iliyokuambia hivyo.

Mwanzo wenyewe ndio uliotukalisha muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Timpani (ngoma kubwa za okestra) zinagonga C bila kukoma, besi za nyuzi na kontrabasuni (ala nzito ya kupuliza) zikiwa juu ya C hiyohiyo. Fidla na selo zinapanda hatua kwa hatua, nusu toni kwa nusu toni, huku ala za kupuliza za mbao zikishuka. Brahms ameandika forte (kwa nguvu), hakuandika fortissimo (kwa nguvu sana). Kuhusu mwendo ametoa maneno matatu tu, "un poco sostenuto", yaani kwa kujizuia kidogo. Namba ya metronomu (mashine ya kupimia mwendo) hakuna, na mashine hiyo hakuwa na imani nayo. Basi mwongozaji anatafuta mwendo wapi?

Jibu la mwalimu lilipitia kwenye historia. Mwaka 1862 Brahms alimtumia rafiki yake, mpiga piano Clara Schumann, sehemu hii ya kwanza, na ilikuwa bado haina utangulizi huu. Ilikuwa inaanzia kwenye Allegro, yaani pale mwendo unapokuwa wa haraka. Utangulizi aliuongeza baadaye, akaujenga kwa vitu vilevile vilivyomo ndani ya Allegro, na simfoni nzima ikapigwa kwa mara ya kwanza Karlsruhe tarehe 4 Novemba 1876, Brahms akiwa na miaka 43. Kwa hiyo mwalimu alitutaka tujifunze Allegro kwanza, mpaka ikae mwilini, ndipo turudi mwanzo. Ukifanya hivyo unaona kwamba ule mstari wa fidla unaopanda utakutana nao tena mbele, ukikimbia. Mwendo wa utangulizi huuchagui tu kwa sababu unasikika mzito na wa kutisha. Unauchagua ukijua kinachokuja. Baada ya hapo alitufanya tuimbe mstari wa fidla, na kwa sisi watu wa kwaya hapo ndipo mlango ulipofunguka. Pumzi ikikuishia katikati ya sentensi, umekwenda polepole mno.

Hili peke yake lilitosha kunirudishia ada yangu. Miaka yote nilikuwa nikisikiliza rekodi ya mwongozaji Furtwängler na okestra ya Berlin ya mwaka 1952, na ninaipenda bado, ila niliichukulia kama ndiyo simfoni yenyewe. Kwenye kozi walituwekea pia ya mwongozaji Charles Mackerras na Scottish Chamber Orchestra, okestra ndogo yenye ukubwa unaokaribia ule wa okestra ya mji wa Meiningen, Ujerumani, ambako Brahms alipenda kazi zake zipigwe. Unasikia ala za mbao vizuri, na yale mapigo ya timpani yanasukuma mbele badala ya kukandamiza.

Sehemu ya pili tuliipitia haraka, kwa maoni yangu haraka mno, maana ile fidla ya peke yake mwishoni inahitaji mwongozaji anayejua kufuata. Ya tatu ilinifurahisha: klarineti inaimba baa (vipimo vya mapigo) tano, kisha inaimba nyingine tano ambazo ni zilezile zimepinduliwa, zilizopanda zinashuka. Mkono uliozoea nyimbo za tenzi unasubiri nne, na hapo unalazimika kuhesabu kwa maana, si kwa mazoea.

Okestra ilikuja siku za mwisho, vijana wa chuo na wazee wachache wastaafu. Hapa niingie kwenye sehemu ya nne, kwa sababu ndiyo iliyonipa somo la mkono. Kwenye utangulizi wake kuna mahali ambapo nyuzi zote zinaacha upinde na kudonoa kwa vidole, kwa sauti ndogo, zikiongeza kasi kidogo kidogo, halafu ghafla mwendo unarudi ulivyokuwa. Inatokea mara mbili. Kwaya ikiongeza kasi, waimbaji wanasikilizana na konsonanti zinawaweka pamoja. Noti ya kudonoa haina mkia. Ikishalia imekwisha, na wapigaji zaidi ya thelathini wasipoangukia hapo pamoja kila mtu ukumbini anasikia. Mwalimu alinisogelea, akanishika kifundo cha mkono, akaniambia nipunguze ukubwa wa pigo kadiri kasi inavyopanda. Mkono wangu ukabaki mdogo kama wa mtu anayegonga mlango wa chumba alimolala mtoto. Okestra ikashikana papo hapo. Sijawahi kuona badiliko dogo la mwili likileta tofauti kubwa namna ile.

Baada ya hapo timpani zinanguruma, zinafifia, na horni inaingia na wimbo wake wa C meja. Ni wimbo ambao Brahms alimwandikia Clara kama salamu za siku ya kuzaliwa mwaka 1868, akiwa kwenye milima ya Uswisi. Angalieni skoa hapo: horni ya pili inaingia kwenye noti ndefu ili ya kwanza ipate kuvuta pumzi, na msikilizaji asijue. Mtu aliyekulia kwenye matarumbeta anaielewa heshima hiyo. Kazi ya mwongozaji ni kutulia na kuwaachia nafasi.

Na tromboni! Zimekaa kimya sehemu tatu nzima, karibu nusu saa, na zinapoingia zinapiga wimbo kama wa kanisani, kwa sauti ndogo na ya utamu. Karibu na mwisho kabisa wimbo huo unarudi kwa nguvu zote, mwendo ukiwa umeshakuwa wa haraka. Waongozaji wengi hupunguza kasi hapo, Furtwängler akiwemo, ingawa Brahms hakuandika lolote la kupunguza. Tulibishana juu ya hilo hadi chakula cha jioni kikapoa. Mimi niliuacha uende na mwendo wake, na bado naamini utukufu wake unasikika zaidi usipoupunguza. Mwenzangu mmoja aliupanua, na mwalimu akamkubalia pia, kwa sharti kwamba aanze kuuandaa mapema, mwendo usivunjike ghafla.

Sasa yasiyoridhisha. Muda wa kila mshiriki mbele ya okestra kamili ni mfupi. Sehemu kubwa ya kazi unaifanya na piano mbili, na piano haikufundishi chochote kuhusu pumzi ya horni. Ada ilikaribia euro elfu moja, bila malazi. Kila kitu ni kwa Kijerumani, Kiingereza kidogo sana, na mazoezini maneno ni ya haraka. Ratiba ya okestra waliibadilisha siku ileile bila kutuarifu mapema, na mshiriki mmoja akapoteza zamu yake. Hilo walipaswa kulifidia na hawakufidia.

Kama hujawahi kusoma skoa ya okestra, nenda kwanza kama msikilizaji. Ada yake ni nafuu zaidi, unakaa nyuma ya viola na skoa yako, na majadiliano ya mezani unashiriki yote. Mwakani wanafanya Simfoni ya Nne, ya E maina, na nimeshaomba nafasi.