Kompyuta 16 zisizo na diski: uzoefu wangu wa LTSP mjini Lubumbashi

Ninaendesha chumba cha mafunzo ya kompyuta katika komini (wilaya ya mji) ya Katuba, mjini Lubumbashi nchini Kongo, chenye mashine 16 ambazo zote zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, nyingi zikiwa zimeingia kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Katika muda wa miaka mitatu ya kwanza, diski 11 zilikufa. Sababu zake anazifahamu kila mwenye kompyuta hapa Lubumbashi: kuranti hukatika wakati diski inaandika, hurudi kwa kishindo na kukatika tena kabla mashine haijamaliza kuwaka, na kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu la kiangazi huziba feni mpaka chuma kikawa cha moto kushika. Kila diski ilipokufa nilitafuta nyingine, nikasimika mfumo upya, nikarudisha programu moja moja, na mara nyingi mwanafunzi alikuwa amekwisha kupoteza kazi yake. Mwaka jana niliamua kuondoa diski zote na kuziacha mashine ziwake kupitia mtandao, kutoka kwenye seva moja tu, yaani kompyuta moja inayozihudumia nyingine zote. Ninaandika baada ya miezi 14 ya kuutumia mpangilio huo kila siku isipokuwa Jumapili.

Programu niliyoitumia ni LTSP, yaani Linux Terminal Server Project, inayotembea juu ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Ni programu huria, haina malipo, ilianzishwa mwaka 1999 na Jim McQuillan nchini Marekani, na mwaka 2019 iliandikwa upya na Alkis Georgopoulos wa Ugiriki, nchi ambako inatumika mashuleni. Tofauti kati ya LTSP ya zamani na hii mpya ni muhimu, kwa sababu maelezo mengi yanayozunguka bado ni ya zamani na yanawaogopesha watu bure. Zamani, kwa kawaida, programu zilikuwa zikitembea ndani ya seva, na mashine ya mwanafunzi ilionyesha picha tu, hivyo ilihitajika seva yenye nguvu nyingi. Katika LTSP mpya, seva inagawa mafaili tu, na kila mashine inatumia prosesa yake na memori yake yenyewe. Seva yangu ni kompyuta ya kawaida ya mezani yenye memori ya GB 16 na diski mbili za SSD zinazoandika kitu kile kile kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka vizuri kwa mfano wa mgeni anayebisha hodi. Ukibonyeza kitufe, kadi ya mtandao ya mashine isiyo na diski inapaza sauti ndani ya waya ikiomba anwani na ikiuliza ni nani atakayeipa cha kuwashia. Huo ndio utaratibu unaoitwa PXE, na kadi nyingi za miaka 20 iliyopita zinao. Kwenye seva, programu ndogo iitwayo dnsmasq inaitikia na kuikabidhi faili dogo la kuanzia kwa njia ya TFTP, utaratibu mwepesi wa kutuma mafaili. Faili hilo linavuta kiini cha Linux, kisha kiini kinafungua kwa njia ya NFS, utaratibu wa kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao, faili moja kubwa lililobanwa, ambalo ndani yake umo mfumo mzima: dawati la kwenye skrini, programu za ofisi za LibreOffice, kivinjari, kila kitu. Faili hilo haliandikiki. Chochote ambacho mashine inataka kubadilisha nje ya folda ya mwanafunzi, ambayo inakaa kwenye seva, kinakaa katika memori na kupotea mashine inapozimwa, jambo ambalo mwanzoni nililiona kuwa kasoro na sasa nalihesabu kuwa faida kubwa, kwa kuwa kila asubuhi mashine zote 16 zinaamka safi na zinazofanana.

Usimikaji wenyewe ulinichukua jioni mbili. Nilichagua Ubuntu MATE, aina mojawapo ya Linux, kwa sababu dawati lake ni jepesi kwa mashine za zamani, na kusema kweli nililipenda hata jina Ubuntu, ambalo ni ndugu wa neno letu utu. Unasimika Ubuntu kwenye seva kama kawaida, unaongeza LTSP na dnsmasq, kisha unaandika amri chache. Ya muhimu kuliko zote ni ltsp image /, ambayo inauchukua mfumo wa seva yenyewe na kuufanya lile faili kubwa litakalogawiwa. Kwangu faili lilitoka na ukubwa wa karibu GB 3, na kazi ilichukua dakika 20 hivi. Kisanduku cha intaneti cha kampuni ya simu kiliendelea kugawa anwani kama kilivyokuwa, kwa kuwa dnsmasq ya LTSP inajua kusimama kando yake na kuongeza tu habari za kuwashia. Kwenye mashine za wanafunzi nilichomoa diski, nikaingia katika menyu ya mwanzo, nikaweka mtandao kuwa wa kwanza. Mashine mbili mpya kidogo zilikataa mpaka nilipozima ulinzi uitwao Secure Boot.

Mashine ya kwanza iliwaka saa nne usiku. Nilifurahi kama mtoto. Kesho yake asubuhi nikawasha zote 16 pamoja, na furaha ikaniishia, kwa sababu ya mwisho ilifika kwenye ukurasa wa kuingilia baada ya dakika 7.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika mpangilio huu waya na swichi, yaani kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao, ndio diski yako, na ukiweka waya mbaya umeweka diski mbaya. Swichi yangu ilikuwa ya megabiti 100 kwa sekunde, yaani kama MB 12 tu kwa sekunde kutoka kwenye seva, zigawanywe kwa mashine 16. Nikanunua swichi ya gigabiti yenye matundu 24 kwa dola 110, nikaifunga, na bado mashine sita zikabaki kwenye mwendo wa zamani. Taa zao kwenye swichi zilikuwa za rangi ya machungwa badala ya kijani. Nilimwita kijana fundi wa mitandao wa mtaani kwetu. Hakugusa kompyuta hata moja. Alichukua wembe, akakata kipande cha waya niliokuwa nimeununua sokoni, akakwangua polepole uzi mmoja mwembamba, kisha akanionyesha kwenye mwanga wa dirisha. "Papa, ona, hii si shaba." Juu ilikuwa rangi ya shaba, chini yake nyeupe: aluminiamu iliyopakwa tu. Waya wa namna hiyo ni dhaifu, unakatika ndani kwa urahisi unapokunjwa, na gigabiti inahitaji nyuzi zote nane ziwe nzima, ilhali megabiti 100 zinatosheka na nne. Ndiyo maana mashine zilikuwa zinawaka, lakini kwa kuchechemea. Iliniuma sana kuona kwamba katika mji uliojengwa juu ya shaba tunauziwa aluminiamu kwa jina la shaba. Tulibadilisha nyaya zote kwa zile za daraja la Cat 5e za shaba halisi, na tangu siku hiyo mashine zote 16 zikiwashwa pamoja, ya mwisho inakuwa tayari kabla ya dakika 2 kwisha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nenda sokoni na wembe.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe, na nadhani wengi watalirudia. Niliandikisha wanafunzi wapya tisa kwenye seva, nikawapa majina na maneno ya siri, na asubuhi hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia, ingawa wa zamani waliingia bila shida. Nilipoteza saa mbili za somo. Kumbe orodha ya watumiaji husafiri pamoja na faili dogo linalopakuliwa wakati wa kuwaka, na kila unapoongeza watumiaji, au unapobadilisha faili la mipangilio la ltsp.conf, lazima utoe amri ya ltsp initrd ili faili hilo litengenezwe upya. Nimeiandika amri hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya seva.

Kuhusu kuranti, ambayo ndiyo sababu hasa ya kazi hii yote, matokeo yamezidi matumaini yangu. Zamani nilikuwa nikiota kupata onduleri 16, yaani vifaa vya betri (UPS) vinavyoshika umeme unapokatika, jambo ambalo mfuko wangu haukuweza. Sasa nina onduleri moja tu nzuri, na imebeba seva na swichi. Umeme ukikatika, mashine za wanafunzi zinazimika ghafla na hakuna kinachoharibika, kwa sababu ndani yake hakuna diski ya kuharibika. Seva inabaki macho, na betri ikikaribia kwisha inajizima yenyewe kwa utaratibu. Mwezi wa pili wa matumizi, mama mmoja mshonaji anayejifunza kuweka hesabu za duka lake alikuwa akiandika jedwali la madeni ya wateja wakati chumba kilipoingia giza. Alishika kichwa. "Mwalimu, kazi yangu imeenda!" Kuranti iliporudi, mashine yake haikuwaka, kwa kuwa kifaa chake cha umeme kilikuwa kimeungua. Nikamwambia, "Mama, hamia hapa pembeni." Akaingia kwa jina lake kwenye mashine ya jirani, akafungua LibreOffice, na jedwali likamtokea likiwa pungufu mistari miwili tu, kwa sababu nimeiweka ihifadhi kila baada ya dakika 2. Alihesabu wadeni wake kwa kidole kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaridhika kwamba wamo.

Siku nyingine mguu wa mtoto ulichomoa waya wa umeme wa swichi. Skrini zote ziliganda pale pale, hata vishale vya panya havikuwa na kazi. Nilirudisha waya, tukasubiri kama dakika moja, na wote wakaendelea kuandika neno walilokuwa wameliacha. Huo ndio uzuri wa NFS: mashine inasubiri seva irudi, haikati tamaa haraka.

Faida nyingine ni ya mfuko. Intaneti hapa tunainunua kwa kupima, na zamani kila masasisho ya mfumo nilikuwa nikiyapakua mara 16. Sasa nayapakua mara moja kwenye seva, Jumamosi jioni, natengeneza upya faili kubwa, na Jumatatu mashine zote zimesasishwa. Faili la zamani linabaki kando kama akiba, hivyo mara moja sasisho lilipoharibu sauti nilirudi nyuma kwa dakika chache.

Ni lazima niseme pia yanayonisumbua. Seva ikifa, chumba kizima kimekufa. Ilinitokea siku moja feni yake iliposhikwa na vumbi, na wanafunzi 16 walirudi nyumbani. Sasa naifungua na kuipuliza kila wiki mbili wakati wa kiangazi, na ninaweka akiba ya fedha kwa ajili ya seva ya pili. Memori ya GB 2 haitoshi kwa kivinjari cha leo, hasa kwa kuwa mabadiliko yote ya muda yanakaa humo humo. Nilipandisha zote hadi GB 4 na malalamiko yakaisha. Wi-Fi usiitegemee, kwa sababu mashine zetu hizi haziwaki kupitia hewani. Na kuna jambo la usalama ambalo watu hulipita haraka: kwa kawaida LTSP inafungua folda za watumiaji kwa SSHFS, njia nyingine ya kutumia mafaili ya seva, ambayo inalindwa na neno la siri la kila mtu, lakini kivinjari kilikuwa kizito nayo, nikahamia NFS. NFS ni nyepesi zaidi, ila inaiamini mashine yoyote iliyochomekwa kwenye swichi. Kwa hiyo wageni wanaokuja na kompyuta zao nimewawekea mtandao wao wa pembeni, hawagusi swichi ya darasa, na hilo silegezi hata kwa rafiki.

Jambo dogo lililonishangaza ni vibodi. Mipangilio ya seva inarithiwa na wote, nami nilikuwa nimeiweka AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, kama tulivyozoea, wakati mashine tano zilizotoka Afrika Kusini zina vibodi vya QWERTY, mpangilio wa Kiingereza. Mwanafunzi alibonyeza Q akapata A. Nimeongeza kitufe cha kubadilisha kwenye dawati, na wanafunzi wanakitumia bila kuniuliza.

Mwenye mashine mbili au tatu nyumbani simshauri ajisumbue. Kazi ya kuitunza seva itakuwa kubwa kuliko faida. Lakini kwa shule, kwa cyber, kwa parokia yenye chumba cha kompyuta kumi zilizolala kwa kukosa diski, ningesema anza wiki hii, na uanze kwa kununua waya na swichi kabla ya kitu kingine chochote. Mashine moja ya jirani yangu, ambayo ilikuwa imetupwa stoo kwa miaka miwili kwa sababu diski yake ilikufa, niliileta darasani mwezi uliopita kuijaribu. Nilichomeka waya, nikaipa umeme, na kabla sijamaliza kufuta vumbi kwenye skrini yake ilikuwa inaniomba jina na neno la siri. Sasa ni mashine ya 17.