Skuna ya mbao au katamarani ya injini kwa kikundi kinachofuata machweo?

Kwa uhakika wa ratiba, katamarani ya injini, yaani chombo chenye matumbo mawili yaliyounganishwa, hushinda bila ubishi, kwa kuwa jua halimsubiri nahodha, na upepo ukitulia skuna, yaani chombo cha matanga chenye milingoti miwili au zaidi, hulazimika kuwasha injini yake ya akiba, kama inayo. Swali hilo liulizwe kabla ya kulipa. Matumbo mawili ya katamarani pia huizuia kulala ubavu, jambo linalowafaa wazee na wanaougua bahari.

Hata hivyo, kinachowavuta watu kwenye skuna hakipimwi kwa saa. Matanga yakishajaa na injini kuzimwa, husikika maji yakipasuka omoni na kamba zikilia kwenye milingoti, na mara nyingi mabaharia huwaalika abiria kusaidia kuvuta tanga, hivi kwamba kikundi cha watu wasiojuana hugeuka kuwa timu kabla jua halijagusa maji. Kwangu mimi, ukimya huo una thamani kubwa. Watoto tu wakae mbali na boriti ya tanga, ambayo huvuka sitaha chombo kinapogeuka.

Matunzo ya mbao ni mazito: kukalafati (kuziba nafasi kati ya mbao), kupaka rangi na kuilinda dhidi ya minyoo ya baharini, na gharama hizo huingia katika nauli. Katamarani ya faiba haina mzigo huo, ila hula mafuta.

Wenye ndege ya kuwahi usiku huohuo wachague injini. Wenye jioni nzima na upepo wa kutosha wana sababu njema ya kupanda skuna.