Karakana ya kuunda mashua ndogo ya tanga: kwenye mbao wako vizuri, siku ya kushua (kuingiza mashua majini) wanaharakisha

Kwa wale wanaotaka jibu la haraka: kama unataka kuunda mashua yako mwenyewe na hujawahi hata kushika randa, kozi ya hawa jamaa inafaa, lipia tu. Ila kama unachotaka ni kujifunza kuendesha tanga, hapo wanapwaya, na nitaeleza kwa nini.

Chombo chenyewe ni kidogo, mita 3 na kitu, cha mtu mmoja au wawili, plaiwudi tupu, na kinaundwa kwa kushona halafu kugandisha. Yaani unakata vipande vya plaiwudi kwa kufuata mchoro, unatoboa vitundu vidogo pembezoni, unavifunga kwa waya wa shaba, ukianza kukaza zile waya mbao zinajikunja zenyewe na chombo kinaanza kuonekana pale pale mbele yako, baada ya hapo viungo vinajazwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya, na kufunikwa utepe wa faiba, waya unatolewa au unakatwa. Kuchonga mataruma (mbavu za chombo) na kukalafati (kuziba nyufa za mbao) hakuna. Njia hii ilipata umaarufu kupitia mashua ya Mirror, ile ya Uingereza iliyotoka 1963, mchoro wa Jack Holt na Barry Bucknell, gazeti la Daily Mirror ndilo lililokuwa nyuma yake, na mpaka leo zimeshaundwa zaidi ya 70,000, nyingi na watu wa kawaida kabisa kwenye magereji yao. Kwa hiyo sio kitu cha kubahatisha, ni njia iliyopimwa majini miaka mingi.

Sasa kilichonifanya niandike hii ribyuu ni ile hatua ya kati, waya zikishakazwa na gundi bado haijaingia. Karakana nyingine wanaiparamia tu ili muonekane mnasonga. Hapa fundi mkuu alitusimamisha. Akachukua mbao mbili nyembamba zilizonyooka, moja akailaza juu ya chombo karibu na omo, yaani mbele, nyingine kule tezi, yaani nyuma, akachuchumaa nyuma akafumba jicho moja, akakaa kimya muda mrefu. Ile ya mbele ilikuwa imeinuka upande mmoja, kidogo sana, unene wa kidole hivi, mimi peke yangu nisingeiona kabisa. Akatuambia tulegeze waya za upande mzima. Watu wakanuna, jamaa mmoja akasema fundi si tugandishe tu, kidole kimoja kitu gani bwana, mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, ikishakauka hiyo utaikunja na nini?" Tukalegeza, tukapima tena, na kamba nayo tukaivuta kutoka katikati ya omo mpaka kona moja ya tezi halafu kona ya pili, mpaka vipimo vikalingana.

Na kweli kwenye maji faida yake unaiona. Chombo kilichopinda kinaenda vizuri upepo ukiwa upande mmoja, ukigeuza kupiga bisho, yaani kupanda kuelekea unakotoka upepo, upande wa pili kinakuwa kizito, kinang'ang'ania kukata kona, na hakuna usukani wala tanga la kuponya hilo. Zetu zote zilikuwa zinabisha sawasawa kulia na kushoto. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwasifia hawa mafundi, wana subira na hawaoni aibu kukurudisha nyuma.

Epoksi pia wanaifundisha inavyotakiwa. Unapima resini, yaani gundi yenyewe, na hadna, yaani kigandishi chake, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, basi, hakuna kukadiria kwa macho, na ule mtindo wa kuongeza hadna eti ikauke haraka wanaukataza kabisa kwa sababu haiharakishi chochote, inakuachia gundi laini isiyokomaa. Kingine, ukishachanganya usiiache kwenye kikombe kirefu, inajipasha moto yenyewe, ikiwa nyingi inaweza hata kutoa moshi, mimina kwenye sinia pana uitandaze ndio inakupa muda wa kufanya kazi. Kwa viungo wanaichanganya na unga laini wa mbao mpaka ukiinua kijiti haidondoki. Ikishakauka inaweza kuacha utando kama wa nta juu, huo unaoshwa kwa maji na kusuguliwa kabla hujashika msasa, maana ukipiga msasa moja kwa moja unauzungusha tu na rangi haitashika. Na usidhani epoksi yenyewe inatosha bila rangi, jua linaila, lazima juu yake kuwe na rangi au vanishi inayozuia jua.

Plaiwudi wanayotoa ni ya majini kweli. Najua watu wengi wanaamini muhuri wa BS 1088, kile kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya majini, na kumaliza hapo, ila muhuri mtu yeyote anaweza kuugonga. Hapa walikata kipande mbele yetu wakakichemsha kwenye maji muda mrefu, kikatoka hakijaachana, halafu wakatuonyesha ukingo uliokatwa ili tuone hakuna mapengo katikati ya matabaka. Ukinunua mwenyewe fanya hivyo hivyo, muuzaji akikataa kukupa kipande cha majaribio ondoka.

Kilichonikera ndani ya karakana ni vumbi na glavu. Barakoa ni zile nyepesi za karatasi na glavu zinaisha katikati ya siku, wakati epoksi ikikugusa mara kwa mara mwili unaweza kuanza kuikataa, unawashwa, unavimba, na ikishafika hapo haiondoki tena, kila ukiigusa inarudi. Watu wanaofundisha kazi hii wanalijua hilo kuliko mimi. Nendeni na glavu zenu na barakoa zenu nzuri.

Haya, siku ya kushua. Hapa jamani nimeumia kwa sababu kazi ilikuwa imefanyika vizuri mno mpaka hapo. Asubuhi nzima ilienda kwenye picha na kugusagusa rangi, muda wa kufunga tanga ukabaki mdogo. Mlingoti ni mfupi, juu yake kuna foromali, ule mti unaoshika tanga, linalopandishwa mpaka linasimama karibu wima, mtindo mzuri sana kwa chombo kidogo kwa sababu vyote vinaingia ndani ya mashua ukiwa unaibeba. Lakini foromali lisipovutwa mpaka mwisho na kukazwa, tanga linakunjamana, tumbo linakuwa mahali pasipo pake na chombo hakiendi joshi, yaani kuelekea upepo, hata ufanyeje. Hilo hawakulieleza, walitufungia wenyewe haraka haraka wakasema ingieni. Mashua mbili zilikuwa zinasukumwa tu pembeni na upepo, wenyewe wakadhani tatizo ni kuunda vibaya, kumbe kamba moja tu ilikuwa haijakazwa.

Kubwa zaidi ni matangi ya hewa. Mashua ya aina hii haizami kwa sababu ya visanduku vilivyozibwa mbele na ubavuni, kwa hiyo kabla haijaenda mbali lazima ujue kama havivuji. Ratiba yao haikuwa na jaribio lolote. Sisi wenyewe ndio tuliomba, tukaipindua mashua kwenye maji ya kina kifupi tukaiacha imelala ubavu, tukaiinua kwa kusimama juu ya ule ubao wa katikati unaoshuka chini ya mashua, halafu tukafungua vizibo kuangalia tangi gani limeingiza maji. Moja lilikuwa limeingiza, mwenzetu mmoja kwenye kona alikuwa na kitundu cha waya hakikuzibwa. Ingekuwa amegundua hilo akiwa mbali na upepo umechafuka ingekuwa habari nyingine. Na hata karakana kunawezekana kupima, unapuliza hewa kidogo sana kwenye tundu la kizibo unapaka maji ya sabuni kwenye viungo, panapotoa povu ndipo panapovuja, dakika chache tu. Nimewaandikia waiweke kwenye ratiba, wamejibu wataifanyia kazi, nasubiri.

Ukienda, ulizeni mapema kama tanga na kamba ni sehemu ya malipo, maana tanga wanalotoa ni jepesi na limeshaanza kutanuka. Halafu ombeni siku ya kushua igawanywe mara mbili, ya kwanza kufunga tanga nchi kavu na kupima matangi, ya pili ndio maji. Fundi mkuu ukimwomba ana kwa ana anakubali, sisi tulichelewa kumwomba.