Taipodonti ya nta: mapitio kwa anayesomea ubingwa wa kupanga meno

Anayetaka kuwa daktari bingwa wa kupanga meno humaliza kwanza shahada ya udaktari wa meno, kisha hurudi darasani kwa ubingwa, ambao katika nchi nyingi huchukua miaka 3 hivi. Mapema katika ubingwa huo hukabidhiwa taipodonti: fremu yenye taya mbili, meno ya chuma au plastiki yenye mizizi kamili, na nta inayoishika mizizi hiyo mahali pa mfupa. Meno hubandikwa braketi (vishikizo vidogo vya kupitishia waya), hufungwa waya, taya huzamishwa kwenye maji ya moto, na meno husogea ukiyaona. Ipo pia ya plastiki ngumu ambayo meno yake hayasogei. Hiyo inatosha kwa zoezi la kubandika braketi tu.

Sifa kubwa ya ile ya nta ni kwamba kosa halijifichi. Braketi ya jino la mbele la juu ikikaa nusu milimita karibu mno na ufizi, jino litashuka nusu milimita kupita jirani yake. Ikikaa imeinama, mzizi nao utalala upande. Mdomoni kosa kama hilo hujitokeza baada ya wiki au miezi. Kwenye nta ni suala la dakika. Ndiyo maana kifaa cha kupimia umbali wa braketi kutoka ukingo wa jino kitumike kwa kila jino, bila kukisia kwa macho. Jino la pili kutoka katikati, kwa taya ya juu, kwa kawaida huwekewa braketi nusu milimita karibu zaidi na ukingo kuliko jino la katikati, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza.

Maji ndiyo huharibu kazi nyingi. Nyuzi 50 za Selsiasi zinafaa kwa nta nyingi, lakini soma maelekezo ya nta yako. Zamisha kwa dakika 2 au 3, toa, tumbukiza kwenye maji baridi mpaka nta igande hadi ndani, ndipo uguse waya. Maji yakizidi joto, nta yote hulegea kwa pamoja: magego yaliyotakiwa kuwa nanga, yaani yasiyopaswa kusogea, huinama mbele, meno ya mbele huchomoza nje, na umbo la tao hupotea. Ukifungua waya nta ikiwa bado vuguvugu, unavuta jino kwa mkono na zoezi zima linakuwa batili. Kipimajoto ni lazima. Vilevile, safisha mabaki ya nta kwenye mizizi kabla ya kupanga meno upya, na mimina nta mpya kwa tabaka nyembamba, maana kiputo cha hewa karibu na mzizi huliacha jino likicheza.

Kwa braketi ambayo mfereji wake wa kupitisha waya ni wa inchi 0.022, anza na waya wa duara wa nikeli-titani wa 0.014 au 0.016, na umalizie na wa chuma cha pua wa pembe nne, 0.019 kwa 0.025. Hata huo wa mwisho haujazi mfereji. Una uhuru wa takriban digrii 10 za kuzunguka, kwa hiyo mzizi usipogeuka kwa pembe iliyojengwa ndani ya braketi, usiilaumu braketi. Ncha ya waya ikunjwe nyuma ya gego la mwisho, la sivyo waya huteleza na kukuchoma mkono. Nikeli-titani haikunjiki kwa urahisi: ipashe ncha yake kwenye moto kabla ya kuifunga.

Wapo wanaosema kupinda waya kumepitwa na wakati. Ni kweli kwamba braketi za Edward Angle, daktari wa meno Mmarekani, za mwaka 1928 zilitegemea mikunjo ya mkono ili kulipa kila jino mwelekeo wake, na kwamba Mmarekani mwenzake Lawrence Andrews, katika miaka ya 1970, aliingiza mielekeo hiyo ndani ya braketi yenyewe. Hata hivyo, hatua ya kumalizia matibabu bado hudai mkono unaojua kupinda. Koleo lishike waya bila kutikisika na kidole gumba ndicho kipinde. Kila baada ya mkunjo, laza waya juu ya kioo. Upande ukinyanyuka, umeingiza msokoto usioukusudia.

Zoezi lenye thamani kuliko yote ni kung'oa magego madogo ya kwanza na kufunga pengo. Lifanye mara mbili. Ukitumia waya mwembamba wa duara, chonge huangukia pengoni na mzizi wake hubaki ulipokuwa. Rudia kwa waya mnene wa pembe nne uone linavyosimama.

Kasoro ya taipodonti ya nta ni moja, nayo ni nzito. Nta haina damu, haina nyuzi zinazoshikilia mzizi, wala seli zinazokula mfupa na kuujenga. Ukiongeza nguvu, jino la nta hukimbia zaidi. La mtu hufanya kinyume: nguvu ikizidi, damu hubanwa kando ya mzizi, tishu hufa, jino hukwama kwa muda, na mzizi unaweza kufupika. Pengo mdomoni hufungwa kwa takriban milimita 1 kwa mwezi, si kwa dakika 3. Kwa hiyo pima nguvu ya springi inayovuta jino kwa geji (kipima nguvu) tangu siku ya kwanza, na kwa kuvuta chonge uzoee gramu 150 hadi 200.

Kabla ya kununua taipodonti, tikisa bawaba inayounganisha taya: ikicheza pembeni, mgusano wa meno ya juu na ya chini hautaaminika. Hakikisha meno huuzwa pia mojamoja, kwa sababu yale ya mbele huharibika mapema. Na uliza chuo chako kinatumia mfereji wa 0.018 au 0.022 kabla ya kuchukua seti iliyokwisha kubandikwa braketi.