Nimelala siku sita katikati ya London: chumba kidogo cha Bloomsbury kinalipa?

Haya, karibuni sana ndugu watazamaji. Leo nachambua chumba cha kulala wageni, maana tangu nirushe video ya kwanza ya London mmeniuliza swali hilohilo: tukifika, tulale wapi? Pembeni kwa bei nafuu, au katikati kwa bei ya kuumiza? Mimi nimelala siku sita mtaa wa Bloomsbury, katikati hasa, dakika tatu kwa miguu kutoka bustani ya Russell Square. Jina la nyumba silitaji, kwa sababu nyumba za aina hii zimejipanga mtaa mzima na zinafanana: ndefu, nyembamba, za matofali, nyingi zina umri wa miaka kama 200, na siku hizi zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ukilipima chumba peke yake, pesa yake ni nyingi mno. Kinachouzwa hapa ni mlango wa mbele, yaani pale unapotokea ukishuka ngazi. Vumilieni, nitaeleza.

Chumba ndicho hiki mnachokiona. Kitanda kimoja, meza ya kukunja, sinki kwenye kona. Nikifungua begi sakafuni, mlango haufunguki wote. Tuko ghorofa ya nne na lifti hakuna. Nyumba nyingi za hapa zinalindwa kisheria kama majengo ya kihistoria, kwa hiyo mwenye nyumba habomoi anavyotaka. Ngazi zimebaki nyembamba na madirisha yangu ni ya kioo kimoja. Usiku wa kwanza nilikuwa chumba cha mbele, na kila basi lililopita nililisikia. Asubuhi nikashuka mapokezi, nikaomba cha nyuma, wakanihamisha bila nyongeza. Kwa hiyo mnapoweka nafasi, andikeni kabisa: chumba cha nyuma, ghorofa ya chini iwezekanavyo. Na anayesafiri na mzazi mwenye magoti mabovu aulize habari za lifti apate jibu la maandishi, kwani picha za tangazo hazionyeshi ngazi.

Maji ya London ni magumu. Sabuni inatoa povu kidogo, na ndani ya birika la umeme mtakuta ukoko mweupe. Ni chokaa tu, msiogope. Soketi ni zile za pini tatu bapa tulizozizoea Afrika Mashariki, hivyo chaja yako inaingia bila kiunganishi.

Haya, sasa tushuke ngazi.

British Museum, lile jumba kubwa la makumbusho, iko chini ya dakika kumi kwa miguu. Kiingilio cha maonyesho yake ya kudumu ni bure. Mgeni aliyelala mbali hujikaza amalize jengo zima siku moja, jioni anatoka miguu imevimba na hakumbuki alichoona. Mimi niliingia mara tatu, saa moja moja. Siku ya kwanza nilikwenda kuliona Jiwe la Rosetta, jiwe la kale la Misri lenye maandishi, nikakuta watu wamelizunguka safu tatu. Nikaondoka zangu. Ijumaa jumba huchelewa kufungwa, hadi saa mbili na nusu usiku. Nikarudi baada ya chakula cha jioni, nikasimama mbele ya jiwe lile na watu wanne tu. Nafasi hiyo ndiyo niliyolipia, ya kuondoka pakijaa na kurudi pakitulia.

Halafu kuna mambo ambayo huyaoni mpaka upite kwa miguu kila siku. Jirani kabisa na Russell Square kuna uwanja wa watoto unaitwa Coram's Fields, mahali palipokuwa na makao ya watoto waliotelekezwa yaliyoanzishwa na Thomas Coram mwaka 1739. Getini pameandikwa kwamba mtu mzima haingii ila akiwa na mtoto. Nilisimama nje nikasoma bango lile mara mbili, na nilifurahi moyoni, jiji lenye ardhi ghali namna hii kuwatengea watoto eneo lao.

Na hapohapo Bloomsbury iko SOAS, chuo kinachofundisha Kiswahili. Maktaba yake imehifadhi miswada ya zamani ya tenzi na mashairi yetu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi niliishia nje, sikuwa nimepanga. Wewe unayependa fasihi usifanye hivyo. Waandikie kabla hujakata tiketi ya ndege, uulize utaratibu wa kuiona.

Ukitembea robo saa kuelekea kusini unafika Lincoln's Inn Fields, kwenye nyumba ya Sir John Soane, msanifu majengo aliyefariki mwaka 1837. Alipata sheria ya Bunge kwamba nyumba ibaki kama alivyoiacha. Kuingia ni bure, ila wanaruhusu watu wachache kwa wakati mmoja, hivyo foleni huwa nje. Ndani kuna chumba cha picha ambacho kuta zake zinafunguka kama milango ya kabati, na nyuma ya ukuta kuna picha nyingine. Chini kabisa limelala jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza. Niliwahi kabla ya kufunguliwa, na nilikuwa mtu wa sita kwenye foleni. Hiyo tena ni faida ya kulala karibu.

Jumapili nendeni City, eneo la mabenki. Siku za kazi mnasukumana. Jumapili asubuhi mnasikia nyayo zenu. Nusu saa hivi kutoka chumbani kuna bustani ndogo inaitwa Postman's Park, iliyopewa jina hilo kwa sababu wafanyakazi wa posta kuu iliyokuwa jirani walikuwa wakipumzikia hapo. Chini ya kibanda kuna vigae vyenye majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Kimoja ni cha Alice Ayres, binti wa kibarua, aliyeokoa watoto watatu kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua mwaka 1885, yeye akapoteza maisha. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote safari hii. Kamera nilizima, ndiyo maana mnaona picha moja tu. Baada ya hapo pandeni basi mwende St Dunstan in the East, kanisa lililoharibiwa na mabomu mwaka 1941. Kuta zimeachwa zimesimama, ndani pamekuwa bustani, mimea imepanda mpaka kwenye matundu ya madirisha.

Kuhusu usafiri: kwenye mabasi fedha taslimu hazipokelewi, gusisha kadi ya benki. Ukishalipa la kwanza, mabasi mengine utakayopanda ndani ya saa moja ni bure. Treni ya chini ya ardhi itumieni kwa safari ndefu. Ramani yake, iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa mwaka 1933, inanyoosha njia bila kujali umbali halisi, na wageni wengi inawapotosha. Kutoka kituo cha Covent Garden hadi cha Leicester Square ni kama mita 260! Halafu kule Covent Garden ukiamua kuepuka foleni ya lifti, ngazi ni 193. Tembea tu huku juu, barabarani.

Na hapa ndipo ninapowaonya kuhusu matangazo. Neno "katikati" halina mipaka, kila mwenye chumba analitumia. Chukua anwani, iweke kwenye programu ya ramani, chagua kutembea kwa miguu, kisha pima dakika hadi mahali pawili au patatu unapopataka kweli. Ikizidi nusu saa kote, unalipia jina. Halafu angalia kituo cha treni cha karibu kinafikaje uwanja wa ndege. Kituo cha Russell Square kiko kwenye njia ya Piccadilly inayokwenda uwanja wa Heathrow moja kwa moja, safari ya karibu saa moja bila kubadilisha treni. Kwa mwenye begi zito hilo ni jambo kubwa.

Familia ya watu wanne, au mtu anayekaa wiki tatu na anataka kupika, chumba hiki hakiwafai. Tafuteni pembeni, karibu na kituo cha treni. Ila ukiwa peke yako au mko wawili, kwa siku nne hadi saba, nasema lipa. Mimi Aprili narudi, na nimeshaandika kwenye fomu: ghorofa ya kwanza, upande wa nyuma.