Kitabu cha Mapishi Kisichotosheka na Jiko: Tathmini ya The Settler's Cookbook ya Yasmin Alibhai-Brown

Katika maduka ya mboga ya Belgrave Road, hapa Leicester, Uingereza, muhogo huuzwa kwa jina la mogo, na Mhindi aliyezaliwa Jinja au Kampala akilitamka neno hilo hahisi hata kidogo kwamba ameliazima kwa mtu. Sisi tuliotoka Mombasa hutabasamu tukilisikia, kisha tunalipa na kuondoka na mihogo yetu. Nilinunua The Settler's Cookbook kwa ajili ya neno kama hilo, nikitaka kujua jiko la watu hawa lilivyosafiri. Nakala yangu ni ya jalada laini, ilikuwa imeshatumika nilipoipata, na ina madoa ya manjano ya mtu aliyewahi kuifungua huku vidole vikiwa na bizari. Kwa kitabu cha namna hii, hilo kwangu ni pendekezo tosha.

Ni lazima niseme mapema kwamba anayetafuta mapishi peke yake atachoka haraka. Yasmin Alibhai-Brown ni mwandishi wa habari kabla ya kuwa mpishi, na humu ameyatawanya mapishi ndani ya hadithi ya maisha yake, hivi kwamba mtu anayetaka kujua la kupika jioni hii atapitishwa kwanza kwenye njaa za Bara Hindi, kwenye tamaa ya biashara chini ya himaya ya Waingereza, kwenye maduka ya Afrika Mashariki, hadi Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Zaidi ya watu 27,000 waliishia Uingereza. Halmashauri ya Leicester, mji ninamoandikia, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, na leo mji huohuo hujivunia maduka yao. Jambo hilo sichoki kulifikiria kila ninapopanga foleni ya kununua sambusa.

Mwandishi alizaliwa Kampala mwaka 1949 katika jamii ya Waismailia, tawi mojawapo la Washia, akasoma Makerere, kisha Oxford. Kwa miaka mingi aliandika safu katika gazeti la The Independent, na mwaka 2002 alipata Tuzo ya Orwell kwa uandishi wake wa siasa. Alipokea MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, mwaka 2001, kisha akairudisha mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraki. Vitabu vyake vingine viwili vinamhusu mwanamke moja kwa moja: Refusing the Veil, cha mwaka 2014, anamopinga uvaaji wa hijabu na nikabu kwa hoja zilizowaudhi Waislamu wengi, nami nikiwa miongoni mwa wasiokubaliana naye katika mengi, na Ladies Who Punch, cha mwaka 2020, kuhusu wanawake waliothubutu. Hata hivyo, nashikilia kwamba anayetaka kuelewa ukali wake anapoandika juu ya wanawake aanze na kitabu hiki cha mapishi, kwa sababu ndimo unamoonekana mahali ukali huo ulipopikwa.

Chukua kisa cha Juliet. Yasmin akiwa msichana wa shule Kampala, katika miaka ya 1960, alipewa nafasi ya Juliet katika Romeo na Juliet, tamthilia ya mapenzi ya Shakespeare, na Romeo wake alikuwa kijana Mwafrika. Lilikuwa igizo la shule tu, lakini baba yake aliona kwamba binti amewaaibisha, akaacha kusema naye, na ukimya huo ukaendelea hadi mzee alipofariki. Anayejua jinsi nyumba nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki zilivyofunga milango yake mbele ya Waafrika hatashangaa. Kinachoshtua ni kwamba binti anakisema hadharani, mbele ya jamii iliyozoea kujieleza kama iliyoonewa tu. Hapo uhamiaji, rangi na jinsia vimekaa kwenye sinia moja: mwili wa msichana ndio uliogeuzwa mpaka wa jamii nzima. Baadaye sana alikifanya kisa hicho kuwa onyesho la jukwaani aliloliigiza peke yake, kwa maombi ya Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Uingereza. Upande wa pili wa sinia yuko mama yake, na ndiye ninayemwona kuwa mhimili wa kitabu, kwa kuwa ni kupitia mikono yake tunaona kazi ya mwanamke isiyolipwa mshahara wala kuandikwa katika historia ya wafanyabiashara.

Kwa nini mwandishi kama Alibhai-Brown ahitaji ngozi ngumu? Mwaka 2010 diwani mmoja wa Birmingham aliandika katika Twitter akitaka apigwe mawe hadi afe, kisha akajitetea kwamba alikuwa akifanya mzaha.

Kuhusu mapishi yenyewe, nimejaribu mawili. La kwanza ni keki ya Victoria, ile ya Kiingereza ya tabaka mbili, ambayo yeye huichangamsha kwa zafarani na ndimu. Nilifuata desturi ya kwetu ya biriani, nikaloweka nyuzi za zafarani katika vijiko viwili vya maziwa ya moto hadi yakawa na rangi ya machweo, ndipo nikayamimina katika mchanganyiko. Mara ya kwanza oveni yangu, ambayo ina tabia zake, iliunguza juu na kuacha katikati majimaji. Mara ya pili nyumba nzima ilinukia kama siku ya arusi. La pili ni ile kima ya Waingereza inayofunikwa viazi vilivyopondwa, naye anaitia pilipili. Kwa mtu wa pwani hilo si uvumbuzi, ni kurekebisha kosa. Anatia hata tomato sosi ndani ya mchuzi bila haya yoyote, na nakiri kwamba nimeanza kumwiga mwandishi, mama watoto asipokuwepo.

Kasoro ninayoiona si ya upishi. Mwandishi ni mkweli kuhusu dharau ya jamii yake kwa Waafrika, lakini ningependa kumsikia zaidi yaya na mpishi wa Kiafrika waliosimama katika majiko hayo wakikuna nazi na kumenya mihogo. Mwanamke anayeandika kwa ari hivyo juu ya wanawake waliosahauliwa angeweza kuwapa hao nafasi pana zaidi mezani. Pia Kiingereza chake, kilichozoea safu za magazeti, wakati mwingine hubishana pale ambapo kusimulia kungetosha.

Ningekinunua tena, na ningemshauri anayefahamu Kiingereza na aliyekulia jirani na duka la Mhindi, iwe Kisumu, Kampala au Tanga, akitafute kabla ya vitabu vyake vya mabishano. Anayetaka vipimo na picha za vyakula tu aende kwingine.